Fidia, Kambi na Gereza: Historia ya Adhabu Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Kabla ya Waingereza kujenga ngome yao Nyeri mwaka 1902, Wakikuyu hawakuwa na gereza, kwa kuwa kosa lilihesabiwa kuwa deni ambalo mbari, yaani ukoo, ya mkosaji ilidaiwa na mbari ya aliyekosewa, na kiama, ambalo ni baraza la wazee, ndilo lililosikiliza shauri na kukadiria malipo. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938, alieleza kwamba uhai wa mwanamume ulilipiwa mbuzi au kondoo 100 na wa mwanamke 30. Tofauti hiyo, pamoja na desturi ya kumwua hadharani mwizi sugu au mchawi, yaonyesha wazi kwamba utaratibu huo haukuwa na haki sawa kwa wote, ingawa aliyeumizwa hakusahauliwa.

Serikali ya kikoloni ililifanya kosa kuwa jambo baina ya mtu na dola, kisha ikabuni makosa mapya, kama vile kushindwa kulipa kodi ya kibanda au kutembea bila kipande, cheti cha utambulisho ambacho kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukibeba. Jela zilipofurika, sheria ya mwaka 1925 ilianzisha kambi za kizuizini ili wakosaji wadogo wasichanganywe na wahalifu sugu. Lakini mageuzi hayo, yaliyokusudiwa kupunguza wafungwa, yalirahisisha kuwafunga watu wengi zaidi, na nguvu zao zikatumika bila ujira katika kazi za serikali. Mkondo huo ulifika mahali pa kutisha wakati wa Hali ya Hatari ya 1952 hadi 1960, iliyotangazwa kuukabili uasi wa Mau Mau, makumi ya maelfu ya watu walipozuiliwa bila kesi, na huko Mwea wakachimbishwa mifereji ya mashamba ya mpunga kwa jina la urekebishaji. Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji wa Karatina, alitunza kumbukumbu ya mateso ya kizuizini katika shajara iliyotunukiwa Tuzo ya Noma mwaka 1984.

Ni kwa kumbukumbu hiyo ya kazi bila ujira ndipo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 inapaswa kupimwa. Kwa sheria hiyo, mahakama inaweza kumwamuru mtu anayestahili kifungo kisichozidi miaka mitatu afanye kazi ya umma bila malipo huku akilala kwake, jambo linalookoa familia na riziki yake. Hata hivyo kazi yenyewe huufaa umma, na aliyeibiwa mbuzi wake hapati mbuzi kutokana nayo. Pengo hilo ndilo ambalo Katiba ya 2010, katika kifungu cha 159, imefungua njia ya kuliziba kwa kuzitaka mahakama zikuze upatanisho na taratibu za jadi zisizokiuka haki za binadamu, kama zile ambazo wazee wa Njuri Ncheke, baraza la jadi la Wameru, hawajaacha kuzitumia.