Wine na Michezo ya Windows katika Linux
Programu ya Wine, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Bob Amstadt na Eric Youngdale, na ambayo tangu mwaka 1994 imeongozwa na Alexandre Julliard, haiigi kompyuta nzima, bali hupokea maombi ambayo mchezo huyaelekeza kwa Windows na kuyatekeleza kwa njia za Linux. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kupita kiasi, kwa kuwa watunzi wake walilazimika kuchunguza tabia za Windows bila kuuona msimbo wake, yaani maagizo yaliyoiunda, na ndiyo maana toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2008, baada ya miaka 15. Subira hiyo inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Kikwazo kikuu cha michezo kilikuwa Direct3D, maktaba ya Microsoft ya kuchora picha za pande tatu, hadi Philip Rebohle alipotunga DXVK, inayogeuza maagizo ya maktaba hiyo kuwa ya Vulkan, mfumo wa michoro ulio wazi kwa wote. Mwezi Agosti 2018 kampuni ya Valve ilitoa Proton, iliyounganisha Wine na DXVK, na mwaka 2022 ikaanza kuuza Steam Deck, kifaa cha mkononi cha kuchezea michezo, kinachoendeshwa kwa Linux na kutumia Proton kwa michezo ya Windows.