Nembo Ilipogeuka Pambo: Safari ya Sheria Kutoka Chupa ya Bia Hadi Stika ya Simu

Novemba 2020, Sony ilipoingiza sokoni mashine yake ya michezo ya video, PlayStation 5, wanunuzi waligundua jambo lililowafurahisha. Mabawa mawili meupe yanayofunika mbavu za mashine hiyo huchomoka kwa mkono, bila bisibisi. Wafanyabiashara wachache wakafungua duka la mtandaoni, wakaliita PlateStation5, wakaanza kupokea oda za mabawa ya rangi nyingine. Haikuchukua muda wanasheria wa Sony wakawaandikia. Kwanza walilalamikia jina, na duka likabadilishwa jina likawa CustomizeMyPlates. Wakaandika tena, safari hii wakisema kwamba hata mabawa yenyewe, kwa umbo lake, ni haki ya Sony, na kwamba biashara isiposimama watakutana mahakamani. Biashara ikasimama. Wateja wakarudishiwa fedha zao.

Mtu aliyenunua mashine kwa jasho lake ana haki ya kuuliza: imekuwaje mwenye kiwanda aendelee kuwa na sauti juu ya rangi ya kitu ambacho ameshakiuza? Jibu halipo katika barua ya wakili mmoja. Lipo katika mwendo wa karibu miaka 150, ambapo sheria ya alama za biashara ilitoka hatua kwa hatua kwenye kazi iliyotungiwa ikaingia kwenye kazi nyingine kabisa.

Uingereza ilipitisha sheria ya kusajili alama za biashara mwaka 1875. Daftari likafunguliwa tarehe 1 Januari 1876, na alama namba moja ilikuwa pembetatu nyekundu ya kiwanda cha bia cha Bass. Shabaha ilikuwa wazi. Mnywaji aliyeiona pembetatu ile alitakiwa awe na hakika kwamba bia iliyomo imetoka kwa Bass, si kwa tapeli aliyejaza chupa kichochoroni. Alama ilikuwa ushahidi wa chimbuko la bidhaa. Ilimkinga mnunuzi asidanganywe, na mtengenezaji mwaminifu asiibiwe jina. Hakuna aliyenunua chupa ili aikate ile pembetatu akaibandike kifuani.

Karne iliyofuata watu wakaanza kufanya hivyo hasa: kununua alama kwa ajili ya alama. Kesi iliyofungua mlango ni ya mwaka 1975 huko Marekani. Kampuni ya Dallas Cap & Emblem ilikuwa ikitengeneza beji za kudarizi zenye nembo za timu za NHL, ligi ya mpira wa magongo wa kwenye barafu. Iliwahi kuomba leseni kwa ligi, ikanyimwa, ikaendelea kudarizi. Beji zile hazikushonwa kwenye kofia wala koti lolote. Ziliuzwa zenyewe kama zilivyo, na mshabiki akaamua mwenyewe ataishona wapi. Kwa hiyo bidhaa na nembo vilikuwa kitu kimoja. Hakuna aliyedhani kwamba wachezaji wa timu ya Boston walikaa na sindano wakadarizi.

Kwa kipimo cha zamani, mlalamikaji angeondoka mikono mitupu. Lakini Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tano ilisema inatosha kwamba mnunuzi anajua nembo ile ni ya timu fulani. Majaji hao walikiri katika hukumu yao kwamba uamuzi wao huenda ukaipindisha sheria kidogo, kutoka kumlinda mwananchi kuelekea kulinda maslahi ya kibiashara ya wenye nembo. Wengi waliopita njia hiyo baada yao hawakuwa na uwazi wa namna ile.

Miaka mitano baadaye mahakama nyingine ya rufaa, ya Mzunguko wa Tisa, ilijaribu kuuvuta usukani upande wa pili. Chama cha wasichana kiitwacho Job's Daughters kilimshtaki sonara aliyeuza vito vyenye nembo yake bila idhini. Majaji wakasema anayevaa pete yenye nembo ya chama anatangaza uanachama wake, wala hababaiki kuhusu nani aliyeyeyusha dhahabu. Sonara akashinda. Uamuzi huo wa 1980 uliwapa pumzi watengenezaji wadogo, ila haukudumu na nguvu zake. Mwaka 2006 mahakama hiyohiyo, katika kesi ya vishikio vya funguo na fremu za namba za magari zenye nembo za Volkswagen na Audi, ilikataa hoja kwamba nembo inayopendwa kama pambo inakuwa huru kwa kila mtu.

Kesi ninayoiona ya kibinadamu kuliko zote ilitokea London, na mashabiki wa Arsenal waliojaa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wanastahili kuijua. Tangu mwaka 1970 mchuuzi aitwaye Reed alikuwa akiuza skafu na kofia za Arsenal nje ya uwanja wa Highbury. Kibandani pake aliweka tangazo kubwa: bidhaa hizi si rasmi, nembo ni pambo tu, hazimaanishi uhusiano wowote na klabu. Alikuwa mkweli kwa wateja wake kwa namna ambayo wafanyabiashara wengi hawajafikia. Klabu ikamshtaki. Mwaka 2001 Jaji Hugh Laddie aliona kwamba mashabiki wanaichukulia nembo ile kama beji ya mapenzi na utii kwa timu, si kama habari ya kiwanda kilichofuma skafu. Hata hivyo aliomba mwongozo wa Mahakama ya Haki ya Ulaya.

Novemba 2002 majaji wa Ulaya wakaegemea upande wa klabu. Tangazo la kibandani halikumsaidia mchuuzi, walisema, kwa kuwa skafu ikishaondoka pale inaweza kuonekana na mtu ambaye hakulisoma. Laddie hakukubali. Aliandika kwamba mahakama ile ilivuka mpaka wake kwa kuamua mambo ya ushahidi, akampa ushindi mchuuzi. Ni nadra jaji wa nchi kusimama hivyo. Mei 2003 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikaipindua hukumu yake, na Arsenal ikashinda moja kwa moja.

Wakati wanasheria wakivutana juu ya skafu, kifaa kilichobadilisha biashara ya mapambo kilikuwa tayari mifukoni mwa watu. Nokia 5110 ya mwaka 1998 ilikuja na kava la mbele linalobadilishwa, na 3210 na 3310 zilizofuata zikaeneza mtindo huo dunia nzima. Nani aliyeishi miaka ile hapa kwetu asiyekumbuka kava za Nokia zikining'inia kwenye mbao za machinga, za bendera, za maua, za nembo za Manchester United? Nyingi hazikutoka Finland. Simu ikawa kifaa cha umeme kinachovaliwa kama nguo, na kila panapovaliwa kitu, fundi wa mapambo hakosi riziki.

Baadaye ikaja iPod, kisha simu janja, vifaa visivyo na kava la kubadilisha. Mafundi wakageukia vinili, ile plastiki laini yenye gundi inayotumika kuvika magari. Mashine ya kukatia stika hufuata vipimo vya simu hadi tundu la kamera, mtu anabandika, na akichoka anabandua bila kuacha doa. Biashara ikagawanyika. Wapo walioingia kwenye leseni, kama Skinit ya California, inayouza stika na kava zenye nembo za timu na wahusika wa filamu kwa idhini. Wapo waliochora vya kwao. Na wapo waliochapisha chochote kinachouzika, wakisubiri barua.

Kuna swali ambalo kila fundi stika analazimika kulijibu hata asiposogelea nembo ya mtu: je, naruhusiwa kuandika kwamba stika yangu ni ya simu fulani? Jibu lake lilitolewa kwa wembe. Kampuni ya Finland, LA-Laboratories, iliuza nyembe zake huku pakiti ikiwa na stika inayosema zinaingia pia kwenye mipini ya Gillette. Gillette ikashtaki. Machi 2005 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilieleza kwamba kulitaja jina la mwingine kunaruhusiwa pale ambapo hakuna njia nyingine ya kumweleza mnunuzi bidhaa inatumika na nini, mradi kufanyike kwa uaminifu na bila kujifanya mshirika wake. Sheria ya Alama za Biashara ya Kenya, Sura ya 506, iliyofuata nyayo za sheria ya Uingereza ya 1938, nayo ina nafasi kama hiyo kwa vipuri na vifaa vya ziada. Kibanda cha Luthuli Avenue, Nairobi, kinachoandika "stika za PS5" hakijamwibia mtu kwa maneno hayo.

Turudi kwa Sony. Baada ya wale wa kwanza kunyamazishwa, kampuni ya stika ya dbrand yenye makao Toronto, iliyoanzishwa 2011, iliingia uwanjani Februari 2021 na mabawa meusi iliyoyaita Darkplates. Katika tangazo lake iliwaambia Sony waende mahakamani wakitaka. Toleo la kwanza likagombaniwa. Ndani ya mabawa halisi Sony ilitia mkwaruzo wa alama zake nne ndogondogo, pembetatu, duara, msalaba na mraba. Dbrand ikaweka michoro yake ya dhihaka mahali palepale. Oktoba mwaka huo ikatangaza kwamba imepokea barua ya onyo na kuyaondoa mabawa sokoni. Barua ilidai umbo la mabawa linalindwa, ikazitaja pia alama za PlayStation. Siku chache baadaye dbrand ikaja na mabawa mapya yaliyochongwa kwa umbo tofauti. Mzozo huo haukufika kwa hakimu. Desemba 2021 Sony ikatangaza mabawa yake yenyewe ya rangi, yakaanza kuuzwa Januari 2022 kwa dola 54.99, nyeusi na nyekundu kwanza.

Mfuatano huo wa tarehe unasema mengi. Kwa zaidi ya mwaka mzima watu walitaka mashine nyeusi, mwenye nembo hakuwauzia, na wengine wakazuiwa kuwauzia. Sioni mnunuzi aliyekingwa na udanganyifu hapo. Kilicholindwa ni soko ambalo mwenyewe alikuwa bado hajalifungua. Ulinzi wa umbo ni halali pale ambapo mshindani anaiga mashine nzima ili aiuze kama ya Sony. Kuutumia dhidi ya kifuniko ambacho mwenye mashine anataka kukibadilisha ni kurefusha mkono hadi ndani ya nyumba ya mteja, na kwa maoni yangu ni kosa. Ni vema kukumbuka kwamba stika ya vinili inayobandikwa juu ya bawa halisi haikuingia katika ugomvi huu kwa umbo lake, kwani haiigi umbo lolote; inalifunika tu lililopo.

Lakini haki haina upande mmoja. Novemba 2023 dbrand hiyohiyo iligeuka mlalamikaji, ikaishtaki Casetify ya Hong Kong nchini Kanada. Ilikuwa imetengeneza stika zinazoonyesha picha za ndani ya simu, pamoja na mtengeneza video mashuhuri Zack Nelson, na kwenye michoro hiyo ikaficha namba na maneno ambayo hayamo ndani ya simu yoyote. Maficho hayo yakaonekana kwenye kava za Casetify, na Casetify ikaziondoa kava hizo dukani. Hii ni hakimiliki, si alama ya biashara, na hapa nipo na mlalamikaji bila kusita. Mchoro ni kazi ya mikono ya mtu. Aliyeuchukua hakuiambia dunia stika yake inafaa simu gani, alichukua jasho.

Kwetu, sheria zina meno. Sheria ya Kenya ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008 inaruhusu kifungo cha hadi miaka 5 kwa kosa la kwanza, au faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja ya bidhaa, au vyote viwili. Tanzania Bara, Tume ya Ushindani inasimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na ina uwezo wa kukamata na kuteketeza. Sheria hizo zinahitajika hasa dhidi ya dawa feki, vipuri feki vya breki na nyaya za umeme zinazounguza nyumba, na huko zitumike bila huruma. Kijana wa Kariakoo anayekata stika za simu hamuui mtu.

Kwa hiyo naiomba BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa Tanzania, naiomba KIPI, taasisi ya mali ya viwandani ya Kenya, na naiomba Tume ya Ushindani: andikeni mwongozo mfupi, kwa Kiswahili, wa mafundi stika na wauza kava. Semeni wazi kwamba kutaja aina ya simu kunaruhusiwa, kwamba kubandika nembo ya klabu au kampuni bila leseni ni kosa, na kwamba mchoro wa fundi mwenyewe ni mali yake inayolindwa. Nanyi mafundi, chukueni kalamu. Tuna misemo ya kanga, milango ya Lamu na Zanzibar, shanga za Wamaasai wenyewe wakikubali na kulipwa, na rangi za matatu ambazo hazina mfano duniani. Chora chako, weka sahihi yako, tunza oda na picha za kazi zako zenye tarehe, na siku mwingine akiuiga mchoro wako utakuwa na cha kumwonyesha hakimu.