Mlima Ulioanza kwa Simulizi

Nchi iitwayo leo Kenya ilipata jina lake kutoka vinywani mwa wasimulizi. Halikutungwa na mfalme, wala baraza halikukaa kulichagua. Lilitoka katika maneno ya wasafiri wa Kikamba walioeleza jambo waliloliona kwa macho yao wenyewe: mlima mkubwa wenye kitu cheupe kileleni. Katika insha hii twataka kuichungua historia ya simulizi hiyo, na kwa njia yake tulichungue swali ambalo kila kijana hana budi kulijibu katika maisha yake. Mtu asimuliapo jambo lililompata, nasi hatukuwapo, tumsadiki kwa kipimo gani?

Mji mdogo wa Kikima umo katika milima ya Mbooni, upande wa Makueni. Mapokeo ya Wakamba husema kwamba milima hiyo iliwapa babu zao makao mema, kwa kuwa ilikuwa na maji na udongo wa rutuba. Na kwamba kutoka huko watu walitawanyika kidogo kidogo, wengine wakavuka mto Athi wakafanya maskani Kitui. Huko Kitui mvua ni haba na ukame ni mgeni wa mara kwa mara. Mkulima aliyenyimwa mavuno na mbingu alilazimika kuwa mwindaji, na mwindaji aliyepata pembe za ndovu alilazimika kuwa mfanya biashara. Kwa hiyo katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka Rabai na Mombasa na pembe, ikarudi na nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Kutembea kwingi ni kuona mengi, na aliyeona mengi hukosa usingizi mpaka ayaseme.

Mahali pa kuyasema palikuwa tayari. Mbele ya boma la Mkamba palikuwa na uwanja ulioitwa thome, ambapo wanaume waliota moto jioni, na wavulana waliketi nyuma yao wakitega masikio. Ngano za mazimwi na wanyama zilikuwa na wakati wake na wasimulizi wake, na aghalabu bibi ndiye aliyezishika. Lakini penye thome yalizungumzwa mambo ya kweli: vita, mashauri, njia, visima vilivyokauka, makabila yaliyo mbali na desturi zao. Msafiri aliyerudi alihesabiwa kuwa mtu kwa maneno yake. Kama alieleza vema njia ya kwenda mtoni, wenziwe waliifuata; kama alidanganya, walikufa kwa kiu. Hapo simulizi haikuwa mchezo wa kupitisha wakati tu, bali ramani ya watu wasiokuwa na karatasi.

Nayo mashindano yalikuwapo. Vijana wa vijiji kadhaa waliokuwa wakicheza ngoma pamoja waliitwa kivalo, na kivalo kimoja kilitaka daima kukishinda kingine. Kiongozi wa waimbaji, aitwaye ngui, alitunga maneno juu ya mambo yaliyotokea kweli katika nchi. Tena zilikuwapo nyimbo ziitwazo myali, ambazo zilimwumbua mtu aliyetenda ovu mbele ya majirani zake. Mtaalamu wa Kiswidi, Gerhard Lindblom, aliyekaa Ukambani katika miaka ya 1911 na 1912, aliandika habari nyingi za ngoma, nyimbo na hadithi za watu hawa. Basi ngui alikuwa na kazi ngumu: ilimpasa apendeze kuliko mwenziwe, na pia asiseme uongo, kwa kuwa wale waliomsikiliza walimjua yeye, walimjua aliyeimbwa, na walilijua jambo lenyewe.

Jambo hili si la Ukambani peke yake. Mwaka 1997 mtunzi wa riwaya wa Kimarekani, George Dawes Green, alianzisha mjini New York jumuiya iitwayo The Moth, ambayo huwaita watu kusimama mbele ya hadhara na kusimulia kisa cha kweli kilichowapata wao wenyewe, bila ya kusoma karatasi. Katika mashindano yake majina hutiwa mfukoni, kisha wasimulizi kumi huchukuliwa kwa bahati. Kila mmoja hupewa dakika tano, na waamuzi waliochaguliwa miongoni mwa wasikilizaji humpa alama. Watu wa mji mkubwa, ambao huishi mlango kwa mlango bila ya kujuana majina, walikuwa na njaa ya kitu ambacho wazee penye thome walikula kila jioni.

Hata hivyo iko tofauti moja kubwa. Katika ukumbi wa New York wasikilizaji ni wageni. Wakipenda kisa watapiga makofi, lakini hawana njia ya kujua kama msimulizi ameongeza chumvi. Penye thome msikilizaji alikuwa jirani, na pengine alikuwamo katika msafara ule ule. Angeweza kuinua mkono na kusema kwamba mto haukuwa na mamba siku ile, au kwamba aliyekimbia kwanza ni msimulizi mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, na katika kijiji huwa fupi zaidi. Lakini je, kisa kikitoka kijijini kikaenda mbali, kwa watu wasiomjua msimulizi wala nchi yake, itakuwaje? Kisa cha mlima kitatujibu.

Mwaka 1844 alifika Mombasa mmisionari wa Kijerumani, Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na chama cha misioni cha Uingereza. Yeye na mwenziwe, Johannes Rebmann, walifanya makao Rabai. Mwezi wa Mei mwaka 1848 Rebmann aliuona mlima wa Kilimanjaro na theluji yake. Mwaka uliofuata Krapf akafunga safari kwenda Ukambani, na mwezi wa Novemba 1849 akafika Kitui kwa Kivoi, mfanya biashara mashuhuri na kiongozi wa misafara, ambaye jina lake lilijulikana kutoka pwani hata Ukikuyu.

Kivoi alimsimulia mgeni wake aliyoyaona. Alikuwa amefika Uchaga, akaona mlima ambao Wakamba waliuita mlima wa weupe, ndio Kilimanjaro. Akasema tena kwamba uko mlima mwingine karibu na Ukikuyu, mwendo wa siku sita kutoka kijijini kwake, na kwamba mbingu ikitakata huonekana kutoka mahali palipo karibu na nyumbani kwake. Mlima huo wa pili Wakamba waliuita Kiinyaa. Wengi hueleza kwamba neno hilo latokana na nyaa, yaani mbuni, kwa sababu weusi wa majabali na weupe wa barafu vyafanana na manyoya ya mbuni dume.

Krapf hakutosheka na msimulizi mmoja. Palikuwapo mtu wa Embu, Rumu wa Kikandi, ambaye nchi yake ilikuwa jirani na mlima. Huyu alieleza kwamba amefika mlimani mara nyingi, ila hakupanda juu sana, kwa kuwa kuna baridi kali, na kitu cheupe ambacho huporomoka kwa kishindo kikubwa. Tazama, msomaji, uzuri wa ushahidi huu. Rumu hakujitia kufika kileleni ili asifiwe. Alisema mwisho wa alikofika, na kwa nini hakuendelea. Kitu kile kigeni hakukipa jina la kubuni. Alisema weupe wake, baridi yake na sauti yake. Mtu anayekiri mpaka wa kujua kwake hutupa sababu ya kuyasadiki yale aliyosema yamo ndani ya mpaka huo.

Tarehe 3 Desemba 1849, alipokuwa akiondoka Kitui, Krapf aliuona mlima kwa macho yake. Mawingu yalifunguka, akaona vilele viwili kama pembe au nguzo vikisimama juu ya mlima mkubwa, vimefunikwa na weupe. Maneno ya Kivoi na ya Rumu yakawa yamepata shahidi wa tatu.

Habari zilipofika Ulaya zilikuta baraza la namna nyingine. Mjini London alikuwako mtaalamu wa jiografia, William Desborough Cooley, aliyekusanya elimu nyingi juu ya Afrika kutoka vitabuni, lakini hakupata kukanyaga ardhi ya Afrika ya Mashariki. Huyu alizikanusha habari za theluji. Aliona ni muhali theluji ikae karibu na mstari wa ikweta, akahesabu walichoona wamisionari kuwa kosa la macho, na maneno ya wenyeji kuwa ngano. Kwa kuwa jina lake lilikuwa kubwa na kalamu yake ilikuwa kali, wako waliomfuata. Kwa miaka kadha wa kadha wale walioona walihesabiwa wajinga, na asiyeona alihesabiwa mwenye hekima.

Haki yataka tuseme kwamba kushuku si dhambi. Msikilizaji mwema hushuku, ila shaka yake humpeleka kuuliza na kutafuta. Kosa la Cooley ni kwamba aliifanya shaka kuwa hukumu. Alipima simulizi kwa yale aliyokwisha kuyajua, badala ya kulipima alilolijua kwa simulizi mpya. Penye thome mtu wa namna hii angeambiwa afunge mzigo, aende siku sita, kisha arudi aseme.

Wengine walikwenda. Mwaka 1862 Baron Karl Klaus von der Decken alipanda sehemu ya Kilimanjaro akayathibitisha maneno ya Rebmann. Mwaka 1883 Joseph Thomson aliuona mlima wa Kenya kutoka upande wa Laikipia. Mwaka 1887 Teleki alifika penye mabega yake, na mwaka 1899 Halford Mackinder akasimama juu ya kilele chake, ambacho kimo chake ni mita 5,199. Mwaka 1920 nchi nzima ikaitwa koloni la Kenya, na mwaka 1963 ikapata uhuru kwa jina hilo hilo. Hivyo simulizi iliyokataliwa London ikawa jina la taifa.

Lakini Kivoi hakuishi kuyaona hayo. Mwaka 1851 Krapf alirudi Ukambani, wakafuatana kuelekea mto Tana. Karibu na mto huo wakashambuliwa na wanyang'anyi. Kivoi akauawa, na msafara ukatawanyika. Krapf akabaki peke yake nyikani, mwenye njaa na kiu, hata akateka maji ya mtoni katika mitutu ya bunduki yake na katika mfuko wa ngozi wa darubini. Alipofika kwa watu, palikuwa na baraza jingine likimngojea, nalo lilikuwa zito kuliko la London. Ndugu za Kivoi walimtaka aeleze kwa nini yeye yu hai na rafiki yake amekufa. Simulizi yake ilikuwa ya kweli, lakini hakuwa na shahidi wa kuwaridhisha wafiwa. Wakamshika kama mfungwa, na maisha yake yakawa hatarini, hata akatoroka usiku, na baada ya taabu nyingi akafika Rabai.

Katika mambo haya twaona mizani miwili. Krapf, ambaye wataalamu wa Ulaya walimkatalia mlima, alikataliwa Ukambani juu ya kifo. Mara zote mbili alisema aliyoyaona, na mara zote mbili wasikilizaji walitawaliwa na kitu kilichokuwa ndani yao kabla hajafungua kinywa: huko London kiburi cha elimu, huku Kitui uchungu wa msiba. Yafaa tuwasamehe wafiwa kuliko wenye kiburi. Lakini yafaa pia tujifunze kwamba ukweli wa msimulizi hautoshi peke yake, maana wahitaji sikio lililo huru.

Ndiyo sababu mashindano ya kusimulia, yawe ya kivalo au ya ukumbi wa New York, yana faida na yana hatari. Faida yake ni kumzoeza mtu kupanga maneno, kusimama bila ya hofu na kuheshimu wakati wa wenziwe. Hatari yake ni kwamba makofi humwendea apendezaye, na apendezaye si lazima awe mkweli. Rumu wa Kikandi, aliyegeuka kwa baridi chini ya kilele, labda angeshindwa na mwongo aliyedai kukikalia. Historia haigawi tuzo katika dakika tano. Hungoja, hulinganisha mashahidi, kisha huamua.

Kitui ilimzaa pia mtu aliyelijua jambo hili. John Mbiti, aliyezaliwa mwaka 1931 na kufariki mwaka 2019, alizikusanya hadithi za watu wake, na mwaka 1966 zikatokea katika kitabu kwa Kiingereza. Lakini ngano hukumbukwa kwa sababu hurudiwa na wengi, hali kisa cha kweli cha mtu mmoja hufa pamoja naye kama hapana aliyekisikiliza. Wako mabibi na mababu katika milima ya Mbooni na nyika za Kitui ambao walitembea, wakaona, na hawajaulizwa. Kijana asomaye insha hii aweza kuwauliza jioni ya leo, akaandika maneno yao bila ya kuyapamba.

Asidhani kwamba kazi hiyo ni ndogo. Barafu ya mlima wa Kenya imepungua sana tangu siku za Kivoi, na yaendelea kuyeyuka. Itafika siku ambapo mjukuu atatazama majabali matupu, aambiwe kwamba hapo zamani palikuwa na weupe karibu na ikweta, naye atacheka kama alivyokanusha Cooley. Siku hiyo patahitajika mtu wa kumjibu, aliyeona au aliyesikia kwa aliyeona, na aliyehifadhi maneno kama alivyoyapokea.