Bei ya Gari Kuukuu katika Nchi ya Unyamwezi

Choma ni kata ya wilaya ya Igunga, upande wa Manonga, kaskazini-mashariki mwa mji wa Tabora, katika nchi ya pamba, mpunga na ng'ombe ambako reli haipiti. Mahali pa namna hiyo gari lililokwisha kutumika halina nafasi ya pili baada ya jipya, kwa sababu jipya halionekani kabisa. Hilo kuukuu ndilo gari, na bei yake ndiyo bei ya usafiri. Historia ya bei hiyo huonyesha jambo ambalo wachumi wa mjini hulisahau kwa urahisi, kwamba katika Tanzania ya magharibi thamani ya chombo haikuamuliwa na uchakavu wake pekee, bali zaidi na hali ya njia ambayo chombo kingine kingeweza kuijia. Njia ilipozibwa na vita, na ukosefu wa fedha za kigeni au na kibali kilichokwama mezani, kilichochakaa kilipanda bei. Na wakati huohuo ndipo kukiuza kulipokuwa na faida ndogo kuliko ilivyoonekana.

Hali hiyo ni kongwe kuliko magari. Katikati ya karne ya 19, Tabora, ambako wavumbuzi Waingereza Burton na Speke walifika mwaka 1857 na kupaandika kwa jina la Kazeh, ilikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya pwani na Ujiji, na mizigo yote ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kwa kuwa ndorobo, inzi wanaoambukiza malale na nagana, waliwaua punda na ng'ombe katika mapori ya miombo. Mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Urambo, alipoingia vitani na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe, eneo la Tabora, na kuifunga njia ya moja kwa moja ya kwenda Ujiji, pembe za ndovu zilikawia kufika Unguja na vitambaa na shanga vilikawia kufika bara. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyeshiriki katika shambulio la Waarabu dhidi ya Mirambo na kushindwa pamoja nao, alilazimika kuzunguka kusini ili amfikie mmisionari Livingstone huko Ujiji. Vita hivyo vilipiganwa, kwa sehemu kubwa, kwa bidhaa za mitumba: magobori, yaani bunduki zinazoshindiliwa baruti na risasi mdomoni, ambazo majeshi ya Ulaya yaliziacha baada ya kupata bunduki za kisasa katika miaka ya 1860, na ambazo wafanyabiashara walizisafirisha kwa wingi hadi Unguja. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia Afrika ya Mashariki kila mwaka. Kilichokuwa chuma chakavu Ulaya kilikuwa mtaji na mamlaka huku bara, na wazo kwamba takataka ya nchi moja ni mali ya nchi nyingine halikuanza na meli za magari kutoka Yokohama, Japani.

Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikaua kazi ya upagazi wa masafa marefu kwa muda mfupi sana. Magari yalikuja polepole baada ya hapo, yakimilikiwa na maofisa wa serikali, wamisionari na wafanyabiashara wa Kihindi walionunua mazao vijijini. Na katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilizuia malori kubeba bidhaa katika baadhi ya njia zilizoshindana na reli, kwa hofu kwamba reli ingepoteza mapato. Ofisa aliyekuwa akienda likizo Uingereza aliuza gari lake kwa mwenzake aliyefika, na soko likaishia hapo, kwani wauzaji na wanunuzi walikuwa watu wa klabu moja.

Ununuzi mkubwa wa kwanza wa mitambo kuukuu ulioigusa Tabora haukufanywa na mtu binafsi, bali na serikali ya Uingereza yenyewe, kupitia Mpango wa Karanga ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa na kupanuliwa hadi Urambo na Nachingwea. Dunia ilikuwa imetoka vitani, viwanda vya matrekta havikuweza kutosheleza oda, na waliotaka kulima mamilioni ya ekari bila kusubiri hawakuwa na la kufanya ila kununua mabaki ya jeshi: matingatinga na matrekta yaliyoachwa na Wamarekani Ufilipino, mengi yakiwa yamelala nje kwenye mvua na chumvi ya bahari, pamoja na vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mitambo hiyo iliharibika kwa kasi, vipuri vyake havikupatikana, na mpango ulipofutwa mwaka 1951 hasara ilikuwa imefika takriban pauni milioni 36. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa mnunuzi aliyenunua kikuukuu wakati wa uhaba, kwa bei ya uhaba, kisha akabaki nacho. Urambo ilinufaika baadaye, kwa tumbaku, ambayo haikuhitaji vifaru.

Baada ya uhuru mwaka 1961 soko la magari yaliyotumika liligeuka, na kwa muda likawa la wanunuzi. Wazungu waliokuwa wakirudi kwao waliuza magari yao. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaifisha benki na makampuni makubwa. Na mwaka 1971 sheria ya kutaifisha majumba iliwafanya Waasia wengi kufunga maduka na kuondoka. Mtu anayeondoka hana nguvu ya kukataa bei, hasa pale anapojua kwamba sheria za fedha za kigeni hazitamruhusu kuchukua shilingi zake zote.

Muongo mmoja baadaye gari la aina ileile, likiwa limezeeka kwa miaka kumi, lilikuwa mali isiyopatikana. Sababu zilijipanga moja baada ya nyingine. Bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, jambo lililokata njia ya vipuri na magari yaliyotoka Kenya. Vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979 ilimeza malori na dola. Na mauzo ya pamba, mkonge na kahawa yalipungua. Uingizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa shirika moja la umma, Shirika la Magari la Taifa, na bidhaa nyingine mikoani ziligawiwa na Kampuni za Biashara za Mikoa, zilizojulikana zaidi kwa herufi RTC. Aliyetaka gari jipya aliomba kibali, akasubiri, akaendelea kusubiri. Kwa miaka kadhaa magari binafsi hayakuruhusiwa hata kutembea Jumapili mchana, ili petroli isalie.

Bei rasmi ya gari jipya ilikokotolewa kwa thamani rasmi ya shilingi, ambayo ilikuwa juu mno ikilinganishwa na ile ya mtaani. Kwa hiyo aliyepata kibali alilipa bei ndogo kwa kitu ambacho wengine wangelikipigania kwa bei kubwa mara kadhaa. Gari likitoka tu lango la shirika na kuwa limetumika, liliingia katika soko jingine ambalo kibali hakikuhitajika, na hapo bei yake ilipaa badala ya kushuka. Tofauti kati ya bei hizo mbili haikuwa thamani ya injini wala ya bodi, bali thamani ya saini iliyokuwa kwenye kibali, na ndiyo maana biashara hiyo ilizaa hongo bila kuhitaji kufundishwa. Tume ya Bei ya Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ilipanga bei za maelfu ya bidhaa, lakini haikuweza kuketi katika kila kibaraza ambapo watu wawili walikuwa wakiuziana gari.

Mauziano yenyewe yalifanyika kwa utaratibu ambao wazee wa mikoani wanaukumbuka vizuri. Mnunuzi hakuanza na injini. Alianza na matairi, kwa kuwa matairi ya kiwanda cha General Tyre cha Arusha yalipatikana kwa mgawo na gari lisilo na matairi lilikuwa banda la kuku. Alitazama kama betri ni ya gari hilo au imeazimwa kwa siku hiyo, kisha akashuka chini kuangalia springi, ambazo katika barabara za udongo wa mbuga, ule udongo mweusi wa Igunga unaonasa gurudumu masika na kupasuka kiangazi, ndizo zilizokwisha kwanza. Magari mengi yaliyouzwa hayakuwa yakitembea kabisa: yalikuwa juu ya mawe, magurudumu yamevuliwa, nayo yalinunuliwa kwa ajili ya gia, difu au kioo kimoja cha mbele. Gari lililokufa la aina ya Land Rover au Peugeot 404 liliendelea kuishi ndani ya matatu mengine. Mwisho zilitajwa bei mbili, moja ya kuandikwa katika hati ya mauziano na nyingine ya kuhesabiwa mkononi, na kadi ya gari, yaani cheti cha usajili chenye jina la mmiliki, mara nyingi ilibaki na jina la zamani kwa miaka, ili kusiwe na maswali.

Maswali yalikuwapo kwa sababu faida ya namna hiyo ilikuwa na jina baya. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako dhidi ya walanguzi, watu walionunua kwa bei rasmi na kuuza kwa bei ya uhaba, na sheria ya uhujumu uchumi ikatungwa kuwahukumu. Hata hivyo, ukiwaondoa wenye vibali, muuzaji wa kawaida wa gari kuukuu hakutajirika. Mwalimu au mkulima wa pamba aliyeuza pikapu yake kwa bei ambayo hakuwahi kuiota alikuwa na fedha nyingi kwa wiki chache, kisha akagundua kwamba pikapu nyingine, hata mbovu kuliko ile, iligharimu zaidi ya fedha hizo, na kwamba shilingi zake zilikuwa zikipungua nguvu kila mwezi. Waliofaidika kwa hakika walikuwa wa namna tatu: aliyekuwa na gari la pili, aliyekuwa akiondoka katika biashara ya usafiri moja kwa moja, na aliyegeuza fedha hizo haraka kuwa ng'ombe au mabati. Katika Unyamwezi na Usukuma njia hii ya tatu haikuhitaji mshauri. Ng'ombe aliongezeka kwa kuzaa wakati shilingi ikipungua, ingawa ukame ungeweza kumla pia.

Mlango ulianza kufunguka mwaka 1984, serikali ilipowaruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa walizipata wapi. Hatua hiyo ilileta pikapu na malori kwa haraka ambayo mashirika ya umma hayakuwahi kuifikia, na wakati Rais Ali Hassan Mwinyi alipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, shilingi ilishushwa kutoka takriban 17 kwa dola hadi zaidi ya 50 kabla ya mwaka huo kwisha. Gari likawa ghali kwa wote badala ya kuwa rahisi kwa wachache, na thamani ya saini ikayeyuka. Katika miaka ya 1990 magari ya Japani, mengine yakipitia Dubai, yalijaza soko, yakisaidiwa na jambo dogo la kihistoria: Japani, kama Tanzania, huendesha upande wa kushoto, na usukani wake uko mahali panapofaa. Ukaguzi wa lazima wa Japani, ambao gharama zake huwachosha wamiliki wa huko, huwafanya waachane na magari ambayo Choma yangehesabiwa kuwa bado mapya. Barabara za lami kati ya Nzega, Tabora, Itigi na Manyoni zilipokamilika katika karne hii, gari dogo kama Toyota IST au Noah liliweza kufika mahali ambapo zamani Land Rover lilihema.

Kupanda kwa bei kulikofuata mwaka 2021 kulikuwa na sura ya zamani katika nguo mpya. Viwanda vya magari duniani vilikosa vijisehemu vya kielektroniki baada ya janga la Uviko-19, watu wa nchi tajiri wakashikilia magari yao, minada ya Japani ikapanda, na nauli ya meli ikapanda nayo. Agosti 2022 lita ya petroli ilivuka shilingi 3,400 Dar es Salaam, na kisha dola zikaadimika, shilingi ikishuka kutoka takriban 2,300 kwa dola mwaka 2022 hadi zaidi ya 2,600 katikati ya mwaka 2024. Kwa kuwa ushuru wa forodha hukokotolewa juu ya thamani ya gari pamoja na nauli yake, kila ongezeko la Yokohama lilizaa ongezeko jingine bandarini, na gari lililokwisha kulipiwa ushuru likapanda bei likiwa limeegeshwa. Madalali wakapata kazi, na kile wanachokiita cha juu, yaani fungu ambalo dalali huliongeza juu ya bei ya mwenye gari bila kumwambia, kikanenepa, maana mnunuzi asiye na bei ya kulinganisha hana cha kukatalia.

Jambo moja tu lilivuta upande mwingine. Wanunuzi wa Tanzania husoma umri wa gari nchini kwa herufi ya kwanza kati ya tatu za mwisho katika kibao cha namba, na katika miaka hiyohiyo usajili ulivuka kutoka D kwenda E. Magari ya namba D, ambayo kwa muda mrefu yaliuzwa kwa majigambo ya upya, yakawa ya juzi bila kutembea kilomita moja zaidi, na wamiliki waliokuwa wakingoja dola izidi kupanda wakaanza kuyapeleka sokoni.