Walimng'oa Amin, Wamelala Kaboya: Unamjua Hata Mmoja?

Kwenye muvi za kauboi kuna vitu havikosekani: ng'ombe wameibwa, risasi zinapigwa, halafu mwisho unaonyeshwa makaburi nje ya mji. Pale Tombstone, Arizona, makaburi ya namna hiyo yapo kweli. Waliouawa kwenye mapigano ya risasi ya tarehe 26 Oktoba 1881 wamezikwa hapo, na watalii hadi leo wanakwenda kupiga picha.

Sasa mdau wa Ijumbi, stori kama hiyo iko wilayani kwako Muleba, tena kubwa zaidi. Panaitwa Kaboya.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya Mto Kagera sasa ni ya Uganda. Watu waliuawa, wanawake wakabakwa, nyumba zikachomwa. Ng'ombe wa ranchi na wa wananchi wakaswagwa kwa maelfu kupelekwa ng'ambo. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Kanisa la Kyaka lilibomolewa, na magofu yake bado yamesimama.

Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba Amin atapigwa. Jeshi peke yake lisingetosha, kwa hiyo wakaitwa polisi, magereza, vijana wa JKT na mgambo. Yaani watu wa kawaida kabisa. Aliyekuwa analima migomba jana, leo kashika bunduki. Wengi walikuwa na umri wako wewe unayesoma hapa.

Walivuka mto, wakatembea kwa miguu mpaka Kampala, na mji ukaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Amin akakimbia, akafia Saudi Arabia mwaka 2003.

Wengine hawakurudi nyumbani wakiwa hai. Mamia yao wamelala Kaboya, kaburi pembeni ya kaburi, vijana kutoka kila kona ya nchi. Mwaka 2013 Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, iliadhimishwa hapo kitaifa, Rais Kikwete akiwepo.

Cha kuuma ni hiki. Amin ametengenezewa muvi, na Forest Whitaker akachukua Oscar mwaka 2007 kwa kuigiza kama yeye. Sura ya nduli inajulikana dunia nzima. Waliomng'oa je? Taja jina la mmoja tu aliyelala Kaboya. Kimya.

Waliopigana wakiwa na miaka 20 sasa hivi wanakaribia 70. Kila msiba wa mzee mmoja unaondoka na stori ambayo haikurekodiwa popote. Simu unayo mkononi, bando unalo. Kama kwenu kuna babu aliyepigana, kaa naye wikiendi hii umrekodi. Muulize na majina ya wenzake waliobaki huko.

Halafu yaandike hapo chini, tuyasome wote.