Ni mafunzo gani humfaa mfanyabiashara mdogo?

KWA miaka mingi serikali, benki na mashirika ya kijamii yamekuwa yakiwaita wafanyabiashara wadogo darasani ili wafunzwe kuweka hesabu, kupanga bei na kutafuta wateja. Imani iliyopo ni kwamba asiyepata faida amekosa elimu, na kwamba akielimishwa biashara yake itanawiri.

Wasomi wa uchumi na wa shule za biashara za vyuo vikuu wameipima imani hiyo, na baadhi ya vipimo muhimu vimefanyika papa hapa nchini Kenya. Matokeo yao hayalingani na yale ambayo wengi walitarajia.

Suala lenyewe si dogo. Uchunguzi wa Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa Kenya ilikuwa na biashara ndogo na za wastani zipatazo milioni 7.4, na kati ya hizo takriban milioni 5.8 hazikuwa na leseni. Hazina ya Vijana ilianzishwa mwaka 2006, ya Wanawake ikafuata mwaka 2007, ya Uwezo mwaka 2013 na ile ya Hasla mwishoni mwa 2022. Hata hivyo, mkopo ni mzigo kwa mtu asiyejua namna ya kuuzalishia faida.

Kupima kwa kura

Si rahisi kujua iwapo mafunzo yamemsaidia mtu. Mama anayejiandikisha mwenyewe darasani huenda tayari ana ari kuliko jirani yake aliyebaki kibandani. Biashara yake ikikua, hatuwezi kusema kwa hakika kwamba ni darasa lililoikuza.

Kwa sababu hiyo, watafiti hutumia mbinu inayofanana na ile ya kupima dawa mpya. Wafanyabiashara hugawanywa kwa kura; kundi moja hupewa mafunzo na jingine halipewi. Baada ya muda, faida ya makundi hayo hulinganishwa.

Funzo la Dandora

Mfano mmojawapo ni utafiti wa Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson uliochapishwa mwaka 2018. Donovan ni mhadhiri katika Shule ya Usimamizi ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Utafiti huo ulifanywa Dandora, Nairobi, miongoni mwa wanawake wenye biashara changa.

Baadhi yao walipelekwa darasani. Wengine waliunganishwa na wanawake wenye uzoefu mrefu wa biashara katika mtaa uo huo, ili wawe washauri wao. Kundi la tatu halikupewa chochote kati ya hivyo viwili.

Waliosoma darasani walibadilisha baadhi ya desturi zao za kazi, lakini faida yao haikuongezeka. Waliopewa mshauri jirani walipata faida zaidi kwa wastani wa asilimia 20.

Sababu ilikuwa aina ya maarifa. Darasa lilitoa kanuni za jumla, ilhali mshauri alitoa habari mahsusi za soko la mtaa, kama vile ni nani anayeuza bidhaa za jumla kwa bei nafuu. Mfanyabiashara akibadilisha anakonunua, gharama hushuka na faida huonekana mara moja.

Hata hivyo, manufaa hayo yalififia kadiri wawili hao walivyoacha kukutana. Ushauri wa aina hii hudumu uhusiano unapodumu.

Darasa lisibezwe

Itakuwa kosa kuamua kutokana na mtaa mmoja kwamba madarasa hayana maana. David McKenzie na Susana Puerto waliwafuatilia wanawake 3,537 katika masoko ya mashambani ya Kakamega, Kisii, Embu na Kitui. Miaka mitatu baada ya mafunzo, mauzo ya waliofunzwa yalikuwa juu kwa asilimia 18 na faida kwa asilimia 15. Isitoshe, hawakuwanyang'anya majirani wao wateja.

Nchini Togo, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulihusisha wafanyabiashara 1,500 jijini Lomé. Waliofunzwa kwa mtindo wa kawaida waliongeza faida kwa asilimia 11, kiwango ambacho kitakwimu hakikuweza kutofautishwa na bahati tu. Waliofunzwa moyo wa kujituma, yaani kuanza jambo bila kusukumwa, kuona fursa mapema na kutokata tamaa, waliongeza faida kwa asilimia 30.

Tunajifunza hapa mambo mawili. Kwanza, yanayofunzwa ni muhimu kama vile kufunza kwenyewe. Pili, matunda ya darasa huenda yakachelewa, na anayepima mapema mno hatayaona.

Mshauri wa kwenye simu

Swali jipya ni iwapo mashine inaweza kuchukua nafasi ya mshauri jirani. Watafiti wa Shule ya Biashara ya Harvard na ile ya Haas iliyoko Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walilijaribu swali hilo kwa wafanyabiashara wa Kenya. Waliwapa mshauri wa akili unde aliyejibu maswali yao kupitia WhatsApp.

Kwa wastani, mshauri huyo hakubadilisha chochote. Lakini wastani huo ulificha mengi. Waliokuwa wakifanya vyema tangu awali walizidi kufanikiwa kwa zaidi ya asilimia 10, ilhali waliokuwa wakisuasua waliporomoka kwa karibu asilimia 10.

Mashine hutoa mapendekezo mengi, na mengine ni ya jumla, mathalani kupunguza bei au kutangaza zaidi. Mwenye kulijua soko lake huchagua yanayomfaa na kuyaacha mengine. Asiyelijua hupunguza bei na kujipunguzia faida.

Hapa ndipo hatari ilipo. Ushauri wa simu ni rahisi kusambaza kwa mamilioni ya watu, na kwa hiyo utawavutia wanaopanga miradi. Ukisambazwa bila uangalifu, unaweza kuongeza pengo kati ya mwenye nacho na asiye nacho.

Yafaa basi kila anayefadhili mafunzo aulizwe maswali machache kabla ya kuhesabu vyeti alivyotoa. Je, mafunzo yake yanagusa bei, wauzaji na wateja wa soko husika? Nani atabaki na mwanafunzi semina ikiisha? Faida itapimwa lini, na itapimwa kwa kulinganishwa na nani?

Naye mfanyabiashara asisubiri semina. Waliofaidika Dandora hawakuwa na mtaalamu kutoka mbali, bali walimwendea mwenzao aliyewatangulia sokoni. Kuuliza si ujinga.