Umbo la chanjo ya malaria na sababu ya kinga kufifia

CHANJO ya malaria aina ya RTS,S ilianza kutolewa humu nchini mnamo Septemba 13, 2019, katika Kaunti ya Homa Bay. Huenda mzazi akauliza: mbona dozi mbili za surua humkinga mtoto kwa miaka mingi, ilhali hii huhitaji dozi nne na bado kinga hufifia?

Jibu limo katika umbo lake. Chanjo ya surua ni virusi hai vilivyodhoofishwa, ambavyo huzaana mwilini kwa muda na kuufunza mwili kikamilifu. RTS,S si kimelea kizima. Ni kipande cha protini inayokifunika kimelea kinapotoka kwa mbu, kikiunganishwa na protini ya virusi vya homa ya ini aina ya B ili kuunda chembe ndogo ya mviringo. Katika kipande hicho, mfuatano wa asidi-amino nne hujirudia mara 19, na hapo ndipo kingamwili hukishika.

Kingamwili hizo huwa tele mwanzoni, lakini seli nyingi zinazozizalisha huishi muda mfupi. Chache tu hujikita katika uboho wa mifupa. Nacho kimelea hakingoji. Huweza kuingia ini chini ya saa moja baada ya mbu kuuma, ilhali seli za kumbukumbu huhitaji siku kadhaa kuzalisha kingamwili mpya.

Ndiposa utafiti wa Kilifi uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa dozi tatu zilipunguza visa vya malaria kwa asilimia 35.9 mwaka wa kwanza, lakini kwa asilimia 4.4 pekee miaka saba ilipojumlishwa.

Chanjo ya R21 ya Chuo Kikuu cha Oxford, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) Oktoba 2023, ilirekebisha umbo hilo. Katika RTS,S, protini nyingi za chembe ni za homa ya ini tupu. Katika R21, kila protini hubeba kipande cha malaria. Hata hivyo, nayo huhitaji dozi ya nne.

Dozi hiyo si ya kupuuzwa. Katika majaribio ya RTS,S yaliyokamilika 2014 katika mataifa saba ya Afrika, Kenya ikiwemo, watoto wa miezi mitano hadi 17 walioipata walikingwa kwa asilimia 36 katika kipindi cha takriban miaka minne. Walioikosa, asilimia 28. Neti nayo isiondolewe kitandani.